Mguu wa Kushoto wa Lifti

Majengo yale hayakuwa na lifti, ndiyo maana yeye aliitwa Lifti. Alikuwa mbebaji wa mitungi ya gesi. Stoo ilikuwa chini, kwenye kona ya barabara, na wateja walikuwa juu, katika majengo matatu ya ghorofa nne nne yaliyotazamana. Mtu akiishiwa gesi alipiga simu stoo, na baada ya muda alisikia hatua nzito zisizo na haraka zikipanda ngazi, kisha mlango ukagongwa mara mbili. Mtungi mkubwa uliojaa ulikuwa na uzito wa kilo thelathini hivi, chuma na gesi pamoja. Lifti aliuweka begani juu ya kitambaa kilichokunjwa, akapanda nao moja kwa moja.

Kazi yenyewe ilikuwa inaishia mlangoni, lakini yeye hakuishia hapo. Aliingia jikoni, akafungua mtungi mtupu, akafunga uliojaa, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, kisha akachuchumaa kulitazama. Gesi ikivuja, povu huvimba. Povu halipendi kuharakishwa, na wakati linatazamwa watu huzungumza. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Binti yake aliolewa mbali, na kila Jumapili alipiga simu kumuuliza kama amekula. Nyumbani kwake palikuwa na sahani moja iliyotumika na nyingine kabatini, kwa hiyo maneno yake ya siku nzima Lifti aliyasemea kwenye majiko ya watu.

Jiko aliloliwaza zaidi lilikuwa la ghorofa ya nne, jengo la katikati. Aliishi humo mama mmoja mjane, mstaafu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Chupa ya achari au kopo la jamu likimshinda kufungua, hakulirudisha kabatini. Alilipanga dirishani kusubiri siku ya gesi. Lifti alimaliza povu, akanawa mikono, akafungua vifuniko vyote, huku mama akimsimanga kuwa anavifungua kwa fujo kama anayenyonga kuku.

Kisha siku moja Lifti alianguka. Mtu alikuwa amemwaga maji ya kudekia kwenye ngazi. Mtungi aliuokoa, goti la kushoto hakuliokoa. Plasta ya hospitali ilipokatwa, alitazama mguu wake akadhani wamemvisha wa mtu mwingine. Paja lilikuwa limesinyaa, ngozi imelegea, na shavu la mguu lilining'inia kama soksi isiyo na mtu. Stoo walicheka kwa namna ya kumpa pole, wakasema lifti imeharibika, wateja watumie ngazi.

Bosi hakumfukuza. Alimpa kiti ndani ya stoo, apokee simu na kupanga mitungi, na vijana wawili wenye haraka wakagawana majengo yake. Kwa mtu mwingine ingekuwa bahati. Lifti alikaa kati ya mitungi iliyojaa upande mmoja na mitupu upande mwingine, na simu ilipolia alisikia sauti alizozijua zikisema namba ya mlango tu, kisha zikakata. Mama wa ghorofa ya nne alipiga mara mbili. Mara zote mbili Lifti alitaka kusema, "Ni mimi," lakini nyuma yake palikuwa na kelele za mitungi, na yeye si mtu wa kupaza sauti.

Akamfuata bosi, akamwomba arudishiwe walau jengo la katikati. Bosi alijikuna kidevu. Alisema hapendi kumwona mtu akiviringika ngazini na chupa ya gesi. Siku atakapoweza kupandisha mtungi mkubwa mpaka ghorofa ya nne bila kuutua, yeye mwenyewe bosi akiwa nyuma yake anaangalia, basi jengo ni lake.

Hivyo ndivyo Lifti alivyoingia jimu.

Jimu ilikuwa juu ya duka la vipuri, chumba kirefu chenye vioo ukutani na harufu ya mpira na jasho. Ilikuwa na mataifa mawili. Upande wa mlangoni walikaa wa mashine, wenye viti vilivyofunikwa ngozi ya bandia na mitalimbo inayokwenda njia moja tu, juu na chini, kama droo. Upande wa ndani walisimama wa vyuma, wenye nondo ndefu mabegani na sahani za chuma kila ncha. Wa vyuma waliwaita wenzao Abiria, kwa kuwa wanafanya kazi wakiwa wamekaa. Abiria waliwajibu kwa kuwaita Wabeba Zege. Kila jioni walibishana ni kipi kinachojenga mguu, na waliobishana sana ndio waliokuwa na miguu myembamba zaidi.

Lifti alichagua mashine, na hakuna aliyemuuliza sababu. Mashine ya kusukuma kwa miguu ilimtaka alale chali kwenye kiti, akanyage bamba kwa nyayo zote mbili na kulisukuma. Uzito uliongezwa kwa kuhamisha pini tundu moja chini. Haikuhitaji mtu wa pili. Upande wa vyuma palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: hakuna anayeingia chini ya nondo kuchuchumaa mpaka awe na mtu amesimama nyuma yake, wa kumkwamua akizidiwa. Na aliyekusimamia wewe, nawe unamsimamia. Kocha alikuwa mmoja, hakuweza kuwa nyuma ya kila mgongo. Kila mtu alijitafutia mtu wake.

Wiki zilipita, pini ikashuka tundu baada ya tundu. Lifti alikuwa anasukuma uzito uliowafanya Abiria wengine wageuke kumtazama. Usiku alipima paja kwa kamba akaona limejaa kidogo, hakujichunguza zaidi. Akamwambia bosi yuko tayari.

Walipanda asubuhi, Lifti na mtungi begani, bosi akiwa vidato viwili nyuma yake. Ghorofa ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili pia. Baada ya ghorofa ya pili ngazi zinapinda, na pale kwenye kona ukikanyaga kwa mguu wa kushoto lazima ujiinue na kujigeuza kwa pamoja. Mguu ukaanza kutetemeka. Hakuanguka, ila goti liligoma kunyooka, akabaki amesimama nusu kidato kama saa iliyoisha betri. Bosi aliushika mtungi, akaushusha taratibu, kisha akaubeba mwenyewe akaendelea kupanda. Lifti alisimama konani, mkono ukutani. Alisikia mlango wa juu ukifunguliwa, sauti ya mama ikisema kitu kifupi, na mlango ukifungwa. Akashuka kabla bosi hajarudi.

Kocha aliposikia habari hiyo hakucheka wala hakumpa pole. Alimlaza Lifti kwenye mashine yake, akaacha pini palepale pa fahari, akamwambia aondoe mguu wa kulia asukume kwa wa kushoto peke yake. Bamba halikusogea. Kocha alipandisha pini, na kupandisha, na kupandisha, mpaka ikakaribia tundu la juu kabisa, ndipo bamba likatikisika.

Kocha alimweleza kwa upole kwamba muda wote ule mguu wa kulia, ulio mzima, ulikuwa unafanya kazi ya wawili, na kiti kilikuwa kinamficha. Watu wa jirani walikuwa wameanza ubishi wao, Mbeba Zege mmoja akisema ndiyo maana yeye haamini viti. Kocha alimkatiza.

"Msuli hauna macho," alisema. "Haujui kama unasukuma chuma au mashine. Ukiuchosha vizuri, unakua. Huyu mzee alichosha mguu usiohitaji." Kisha akamgeukia Lifti. "Anza na mashine, mguu mmoja mmoja. Ukishapata nyama, uende kwenye nondo. Ngazini hakuna kiti cha kukushikilia, lazima ujifunze kusimama na mzigo juu yako."

Lifti alifanya kama alivyoambiwa. Mguu wa kushoto peke yake, uzito wa aibu, taratibu. Paja lilianza kujaa kweli sasa, na akilikaza ungeona mstari juu ya goti. Kocha aliligusa kwa kidole akasema nyama imekuja, sasa nondo, tafuta mtu.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Lifti hakuogopa chuma. Alikuwa ameishi na chuma begani. Alichokiogopa ni kumwendea mtu na kumwambia, simama nyuma yangu. Nyumbani, akiosha ile sahani yake moja, aliijaribu sentensi hiyo kwa sauti, akaisikia ikigonga ukuta na kumrudia. Jimu alikuta watu wameshajipanga wawili wawili, wanapigana vikofi mgongoni, wanataniana kuhusu matumbo yao. Kila siku alijiambia kesho, akarudi kwenye kiti.

Muuza nyama mmoja, mtu wa kifua kipana waliyemwita Kabati, alikuwa Mbeba Zege mkubwa. Mwenzake alihamishiwa kazi mji mwingine. Alasiri moja jimu ilikuwa karibu tupu, na Kabati alikuwa amesimama mbele ya nondo yake iliyopakiwa sahani, anatazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye mashine.

"Mzee Abiria," aliita. "Shuka kituo hiki, uje unisimamie."

Lifti alimwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye ana mguu mmoja na nusu.

"Miguu ninayo. Nakuomba macho na mikono. Nikikwama, nivute juu kidogo, basi."

Lifti alisimama nyuma yake, mikono wazi chini ya makwapa ya yule jitu. Kabati alichuchumaa na kuinuka, akachuchumaa na kuinuka, shingo ikiwa imetuna mishipa na kulowa. Mara ya mwisho alifika katikati akasimama, akinguruma. Lifti alikunja magoti akamwinua. Kilichohitajika kilikuwa kidogo sana, kama kumsaidia mtu kuvua koti. Nondo ikarudi kwenye vishikio vyake. Kabati alihema, akajifuta, akatoa sahani zote moja baada ya nyingine ikabaki nondo tupu.

"Haya, zamu yako," alisema, kana kwamba hilo halikuwa jambo la kuulizwa.

Lifti aliingia chini ya nondo. Alipochuchumaa alisikia pumzi ya mtu kisogoni mwake. Tangu mkewe afariki hakuna aliyewahi kuwa karibu naye kiasi kile kwa muda mrefu hivyo, na alichukua muda kukumbuka kuwa kazi yake ni kuinuka.

"Unalalia kulia," Kabati alisema, "kama gari lenye pancha. Rudi katikati."

Akarudi katikati. Mguu wa kushoto ulilalamika, akauacha ulalamike.

Ikawa hivyo alasiri kadhaa kila wiki. Kabati alimsimamia, naye akamsimamia Kabati, na sahani ndogo ziliongezeka kwenye nondo ya Lifti. Bado alianza na mashine, mguu mmoja mmoja, kisha akaenda kwenye nondo, na mataifa yote mawili yakamdai kuwa ni mtu wao. Nje ya jimu hawakuwa marafiki. Akienda buchani, Kabati alimpimia nyama kama anavyompimia mtu yeyote, akamwita anayefuata. Lifti alirudi nyumbani na nyama yake, na njia nzima mgongo wake ulihisi wazi, kama mtu aliyesahau koti.

Siku aliyomwomba bosi mara ya pili, bosi hakujikuna kidevu. Alimtazama mguu, akachukua funguo, akamfuata.

Mtungi ulikuwa uleule wa kilo thelathini, kitambaa kilekile. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Konani aliweka mguu wa kushoto kwenye kidato, akausikia ukianza kutetemeka, na mwili wote ukataka kukimbilia kulia kama zamani. Alisikia pumzi ya bosi nyuma yake. Alirudi katikati, akausukuma mguu uleule mpaka goti likanyooka, akageuka na ngazi. Ghorofa ya tatu. Ya nne. Akagonga mara mbili.

"Acha hapo hapo mlangoni," sauti ilisema kutoka ndani. "Nitauvuta mwenyewe."

"Mama, ni mimi."

Hatua zilijikokota mpaka mlangoni. Kisha komeo, kisha mnyororo, polepole, kwa vidole vilivyokakamaa.

"Nilidhani umekufa," alisema mama.

"Ni mguu tu, mama."

"Umefufuka?"

"Karibu wote."

Bosi alisema jengo hili ni lake kuanzia leo, yale mengine wataona. Akashuka.

Jikoni, Lifti alifungua mtungi mtupu na kufunga uliojaa. Mama alimwambia wale vijana si wabaya, ila wakifika mlangoni tayari miguu yao inashuka. Dirishani palikuwa na chupa na makopo yamepangwa mpaka yakaanza safu ya pili. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya vifuniko. Lifti alipaka povu, akachuchumaa kulitazama, akainuka bila kushika meza. Akanawa, akaanza kufungua, na mama akamwambia bado ananyonga kuku. Kopo moja la kioo la jamu lilikuwa limeota ukungu ndani. Mama alisema litupwe tu, lakini yeye alilifungua kwanza kama mengine, kisha ndipo akalitupa.

Vifuniko vilipoisha, povu lilikuwa limeshakauka zamani. Mama alitazama mtungi, akasema hana hakika, pengine alipake tena waone vizuri. Lifti alichukua bakuli la sabuni, akachuchumaa, akapaka tena.