Kinachoonekana Kutoka Juu

Siku moja kabla ya vita kufika kwetu, nilikuwa na kazi moja tu: kusugua sufuria ya Mama kwa mchanga. Nilikuwa na miaka sita na tayari mpumbavu kamili. Niliisugua ndani na nje hadi ikang'aa kama kioo, nikaivaa kichwani, nikazunguka uani nikiwapigia mbuzi saluti.

"Jenerali gani huyu, kamasi puani?" akasema yaya Mugisho, kaka yangu mkubwa. Mama alicheka hadi akaketi chini.

Kesho yake asubuhi milio ya risasi ilisikika ng'ambo ya mto. Tukatoka na umati. Sufuria niliibeba mimi, hadi nikaanza kubaki nyuma.

"Leta, Jenerali. Utatuchelewesha." Yaya akaivaa kama nilivyoivaa mimi, ili nicheke. Nikacheka.

Jua lilikuwa kali.

Tulisikia ndege kabla ya kuiona. Watu wakajitupa migombani. Mama akanilalia.

Yaya alikuwa bado barabarani.

Nilipoinua kichwa baada ya milipuko, sufuria ilikuwa imeviringika hadi mtaroni, nzima. Yaya hakuinuka.

Sasa nina miaka kumi na saba na tunaishi Vickery Meadow, Dallas. Mwezi uliopita mchungaji alitupakia vijana wa kanisa kwenye basi lake dogo hadi Alief, Houston, kumsikiliza mzee mmoja mwanaanga. Rafiki yangu Amani aliniahidi soda nikimwuliza wanaendaje chooni huko juu.

Mzee alitusimulia maisha yake bila madoido. Mtoto wa fundi bomba. Rubani wa jeshi la majini, anayetua juu ya meli inayoyumba, ambayo kutoka juu haizidi mkeka. Kisha vita. Kisha akachaguliwa, akaenda angani mara mbili.

Nikanyoosha mkono. Amani akaanza kucheka mapema.

"Vitani, ulikuwa unaona nini huku chini?"

Amani akaacha kucheka.

"Vinavyong'aa," mzee akasema. "Jicho huenda huko kwanza."

"Na watu?"

"Sikuona hata mmoja. Ndiyo maana niliweza." Akanywa maji. "Nilipokuwa angani, kila tulipopita juu ya nchi ile niliyoipiga mabomu nilisogea dirishani. Ndipo nilipoanza kuwatafuta."

Soda sikuipata.

Nyumbani Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, ghalani Grand Prairie, na bugali ilikuwa imeiva. Sufuria ni ileile. Imetufuata toka kambini hadi Texas. Ndani huoshwa. Nje ni nyeusi ti kwa masizi ya kambi, na Mama hajawahi kuruhusu mtu ayaguse. Miaka yote nimemtania kwamba sufuria hii ni mkimbizi kutushinda sisi. Hucheka, haelezi.

Baada ya kula nilisimama kwenye sinki nikiwa nimeishika. Labda rubani wa siku ile hakuiona iking'aa. Barabara ilijaa watu. Labda aliiona. Hilo sitalijua. Ila Mama aliyawaza haya zamani kabla yangu, na hajanitupia lawama hata neno moja.

"Ulimwuliza mambo yenu ya choo?" akasema nyuma yangu.

"Nilisahau, Mama."

Nikaosha ndani. Nje nikaacha.