Kisanduku cha Majani Mabichi

Nilipoanguka somo la kwanza la uhandisi wa kemikali, nilirudi nyumbani karibu na Kapkatet nikiwa na hasira, wala si aibu. Hasira yenyewe ilikuwa kwa lekcha wetu wa chuo. Ukimpelekea swali lolote, la kiwanda cha sukari au la mashine ya kukausha chai, jibu lake ni moja tu: "Chora kisanduku. Nini kimeingia, nini kimetoka, nini kimebaki?" Nilimwona mvivu, ati anakwepa kufundisha. Sasa nilikuwa nangoja kurudia mtihani, na nikianguka tena, masomo basi.

Nyumbani nako kulikuwa kumechafuka. Kuna mama kutoka upande wa Nyamira ambaye ametuchunia majani chai tangu nikiwa mtoto. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama yangu alipolazwa hospitali. Huyo ndiye alikuwa anafukuzwa. Baba alikuwa amenunua mizani, akaitundika barazani. Asubuhi anapima majani, yule mama anayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia chai, yanangoja lori la kiwanda, na karani akiyapima, uzito umepungua. Baba akaamua kwamba mengine anayauza njiani. Tena alisema hivyo kwenye foleni ya kituoni, majirani wote wakisikia, akampa mpaka mwisho wa wiki awe amehama.

Nilimwambia Baba kwamba huyo mama hawezi kuiba. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, basi majani yanaenda wapi. Nilitoka nje nikapiga ndoo teke.

Kwa kukosa la kufanya, nikaokota kijiti nikachora kisanduku kwenye udongo. Kilichoingia ni majani yaliyopimwa barazani. Kilichotoka ni majani ya karani. Katikati kulikuwa na njia na yule mama peke yake, kwa hivyo kisanduku changu nacho kilikuwa kinamshtaki. Nilikiangalia mpaka shingo ikauma. Halafu nikaona kuna njia ya kutokea ambayo sikuichora. Majani yetu huchunwa yakiwa na umande na mvua ya usiku, yanapimwa yakichuruzika, kisha yanakaa juani yakingoja lori. Baba alikuwa anapima maji pamoja na majani. Maji mengine yanadondoka, mengine yanapaa, na hakuna aliyewahi kuyaulizia.

Kesho yake nilimwomba Baba apime gunia moja, aliweke juani kando ya ua, alilinde mwenyewe. Alinicheka, lakini akaleta kiti. Alikaa pale na kikombe chake cha chai, hakuinuka hata ng'ombe walipoingia kwenye mahindi. Udongo chini ya gunia ukalowa. Jua likapanda. Wakati wa lori ulipofika akalipima tena, na uzito ulikuwa umeshuka karibu sawa na ule aliokuwa akiulalamikia. Akagonga mizani kwa kidole, akarudia kupima. Kisha, bila kuniangalia, akaelekea kwa yule mama, nami nikamfuata. Tulimkuta ameshafunga vyombo vyake kwenye shuka.

Baba alimwomba msamaha, akamsihi abaki. Yule mama hakuinua macho.

"Ulinichafulia jina kwenye foleni," alisema. "Nenda ukalisafishie hapo hapo."

Nilijua baba yangu ni mtu wa kiburi, nikaogopa. Lakini asubuhi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani, akasimama kituoni mbele ya magunia, akawaambia watu kwamba alimsingizia mama wa watu, kwamba kilichopotea kilikuwa maji. Mtu mmoja akacheka. Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku hiyo, na nasema bila haya.

Mtihani nilipita. Nilienda ofisini kwa lekcha kumshukuru, nikamsimulia yote, machozi yakinilenga. Aliniuliza tu kama kwenye mtihani nilikumbuka kuchora mshale wa mvuke unaotoka. Mungu ambariki mtu yule, na ukaidi wake wote.

Siku hizi nafanya kazi kiwandani, na mashine ninayoisimamia ni ya kukausha majani. Nikipata likizo narudi nyumbani, na huwa nalala kwa yule mama, kwa sababu hakubali nilale kwingine. Shuka aliyofungia vyombo siku ile ndiyo anayonitandikia.