Neno la Angeline Getini

Eldoret ni mji wa wakimbiaji, na Angeline Ayoo hana ugomvi na hilo. Asubuhi akienda kufungua duka la dawa analolisimamia katikati ya mji, hupishana nao wakirudi kutoka mazoezini, wembamba kama fito, hawasemi neno, naye husogea kando kwa heshima. Ugomvi wake ni na watu wanaodhani kwamba mji ukishajua kukimbia umejua kila kitu.

"Timu yetu ya kandanda," huwaambia wateja wanaosubiri vidonge, "inakimbia kama wachuuzi waliosikia askari wa kaunti wamefika. Shida ni kwamba mpira unabaki nyuma, unawangoja."

Kuhusu raga husema kwamba vijana wana vifua vya fahali na subira ya mtoto aliyeona mandazi. Lakini voliboli ya wanawake haifanyii mzaha. Hiyo huizungumzia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza namna ya kumeza dawa.

Voliboli ina timu mbili anazozijali. Kuna klabu ya mjini, Sosiani, ambayo wachezaji wake ni waajiriwa na hufanya mazoezi kutwa. Kisha kuna Korongo, wasichana wa chuo kikuu huko upande wa Kesses, wanaocheza kati ya mhadhara na mtihani. Angeline anazishabikia zote mbili, na rafiki yake Kinyanjui, muuza nafaka aliyezaliwa Moi's Bridge, anasema hiyo ni sawa na kuolewa nyumba mbili.

"Mtu hawezi kuwa na timu mbili, Daktari." Humwita Daktari kwa ajili ya lile duka la dawa, ingawa amekatazwa mara nyingi.

"Sina timu mbili. Nina macho mawili."

"Na mdomo mmoja unafanya kazi ya watu kumi."

"Ndiyo maana unakuja kukaa karibu na mimi, Mzee wa Magunia. Ukikaa peke yako hujui nani ameshinda."

Ukumbi wanaochezea una mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo unaishia kwenye geti jembamba la chuma. Mechi ikiisha, mashabiki husimama pande mbili za geti na wachezaji hupita katikati kuelekea kwenye basi. Hapo ndipo desturi ilipozaliwa. Siku moja nahodha wa Sosiani alipita pale baada ya ushindi mkubwa, akipongezwa na kila mtu, na Angeline akamwambia bila ukali, "Mmeshinda kwa sababu wale wamechoka. Mkono wako wa kushoto unalala." Watu waliguna. Nahodha alisimama, akautazama mkono wake kama kitu alichoazimwa, akasema, "Asante, Mama." Mechi iliyofuata mkono ule haukulala.

Tangu hapo wachezaji wakifika getini hupunguza mwendo mbele ya Angeline. Walioshindwa husimama kabisa, wakingoja kama mtu anayengoja sindano. Huwapa sentensi moja, pengine mbili. Hasifu bure wala hatukani. Akikosa la kusema, husema kwamba leo hana la kusema, na mchezaji hulibeba hilo pia hadi nyumbani. Hakuna aliyempa kazi hii. Lakini katika mji ambapo mkimbiaji huhukumiwa na saa, wasichana wa voliboli hawakuwa na saa. Walikuwa na Angeline.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupewa neno lake. Akello, kitinda mimba wake, aliyezaliwa baada ya mapacha, yuko mwaka wa tatu chuoni na ni mshambuliaji wa Korongo. Kila alipofika getini, mama yake alimtazama usoni, akamwekea sawa kola ya jaketi, akamwuliza, "Umekula?"

Mwanzoni watu walicheka, naye Akello alicheka nao. Ikawa kichekesho cha geti. Wenzake waliulizana basini, umekula, umekula, mpaka dereva naye akajua. Angeline aliona ametenda haki. Mizani iliyokwisha kulaliwa na upendo upande mmoja itapima nini? Afadhali mama ajitoe kwenye kiti cha hakimu kuliko kukikalia vibaya. Hivyo ndivyo alivyofikiri kwa misimu miwili, na hakuwa na shaka, maana ni nadra awe na shaka.

Msimu huu, kabla ligi haijaanza, mshambuliaji mkuu wa Sosiani alikwenda kucheza ng'ambo. Kocha wa klabu, Jeruto, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alimtafuta Akello na kumwambia anamtaka katika nafasi ile. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Klabu hairuhusu mchezaji wake kuchezea chuo, na mazoezi ya mjini, asubuhi na jioni, hayapatani na mihadhara ya huko Kesses. Akello angelazimika kuahirisha masomo mwaka mzima. Alipewa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata kutoa jibu.

Alifika nyumbani Jumamosi asubuhi, akamkuta mama yake akichagua maharagwe, akamweleza yote amesimama.

"Baba yako anasemaje?" Angeline aliuliza. Jacktone, mumewe, ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa njiani kwenda Lodwar.

"Anasema nikuulize wewe. Ati wewe ndio unajua mpira."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka kujua kama mimi ni mshambuliaji wa kweli au ni kelele za wanafunzi." Akello alikaa sasa, akachukua punje mbovu moja na kuitupa. "Leo tunacheza na Sosiani wenyewe. Ni ya kirafiki, lakini Kocha Jeruto anakuja kuniangalia. Nikitoka, mama, usiniulize kama nimekula. Niambie vile unaambia wengine."

"Naweza kukuambia hapa."

"Hapa utaniambia kama mamangu. Mimi nataka ya getini."

Alasiri ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikuja na ndoo za plastiki walizozigeuza ngoma, na kila Akello aliporuka waliimba jina lake kabla hata hajaugusa mpira. Kinyanjui alikaa upande wa kushoto wa Angeline akimenya njugu.

"Huyo mtoto wako anaruka kama amesahau kuna kushuka," alisema.

Angeline aliinama mbele. Alikuwa akifanya kazi aliyokuwa ameikwepa muda mrefu. Alimwangalia Akello kama anavyowaangalia wengine, bila kuona kola ya jaketi wala uso wa mtoto aliyekuwa akilala na mpira. Akaona kwamba kuruka kwake ni kuzuri kweli, lakini mkono unapofika juu mpira huenda upande uleule, kona ya mbali, kila mara. Katika seti ya kwanza Sosiani walizuiwa na mshangao tu. Katika seti ya pili walikwisha kumjua. Wazuiaji wawili walisogea wakamngoja hewani kama watu wanaongoja gari wanalolifahamu namba yake, na mpira ukarudi miguuni pake. Ndoo zilinyamaza kidogo, kisha zikaendelea.

Aliona na jambo jingine. Nahodha wa Sosiani alipoanzisha mipira ile yake ya kuchoma, ambayo wasichana wengine waliifuata kwa kuchelewa, Akello alikuwa amekwisha kufika. Mpira ulikuwa bado upande wa pili wa wavu, naye alikwisha kukunja magoti mahali utakapoangukia. Mikono yake iliupokea kama rafu inavyopokea sahani, ukapanda polepole mpaka kwa mpangaji, yule anayewaandalia washambuliaji mipira. Hakuna ndoo iliyopigwa kwa ajili ya hilo. Wanafunzi hushangilia mpira unaoua. Unaookolewa huupa kisogo.

"Sosiani wananunua mabega," Angeline alisema mwishowe. "Hawajui kununua macho."

"Hiyo ni sifa ama ni lawama?" Kinyanjui aliuliza.

"Ngoja."

Korongo walishindwa seti tatu kwa moja. Getini watu walisongamana kuliko kawaida, maana habari ya Jeruto ilikuwa imekwisha kuenea, na Jeruto mwenyewe alisimama kando ameshika funguo za gari. Wachezaji walipita. Mpangaji wa Korongo aliambiwa kwamba anapanga vizuri akiwa mbele na kwa woga akiwa nyuma, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaja Akello, akasimama.

"Daktari, mwache mtoto apite," Kinyanjui alinong'ona.

Angeline hakuigusa kola. "Akello," alisema, "kama mshambuliaji wewe ni wa kawaida. Timu ikikusoma seti moja, imekumaliza. Lakini kwa kupokea mpira sijaona mtu kama wewe mji huu, na nimekaa hapa getini miaka mingi. Ungekuwa binti wa mtu mwingine ningekuambia uvae jezi ya libero."

Wote pale walijua maana yake. Libero ndiye anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Kazi yake ni kuokoa na kupokea, na sheria haimruhusu kushambulia. Ukivaa jezi hiyo umeaga kelele za ndoo.

Akello alikaza midomo. Hakusema asante kama wasemavyo wengine. Aliingia basini, akakaa upande ambao mama yake hangemwona.

Jumapili hakuja nyumbani. Jumatatu hakupiga simu. Angeline alifungua duka, akauza dawa za kikohozi, akamweleza mama mmoja mara tatu namna ya kupima maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Moyo wake ulikuwa mzito, lakini haukuyumba. Alijaribu kulirudia neno lile na kutafuta mahali lilipokosea, hakupaona. Alichokiona ni kwamba kuwa na haki hakumpi mtu mwenzi wa kunywa naye chai jioni.

Jumatano Kinyanjui alikuja kununua dawa ya mgongo.

"Mji mzima unasema ulimvunja mtoto," alisema.

"Mji mzima unajua nini kuhusu kupokea mpira?"

"Hakuna kitu."

"Basi."

"Mimi pia sijui kitu. Lakini nilimwona uso. Ungemwambia nyumbani."

"Alikataa nyumbani, Kinyanjui. Aliomba ya getini. Ningempa nini, peremende?" Alimhesabia vidonge vyake. "Ningemwambia ni mshambuliaji hodari, angeacha masomo, na katikati ya msimu angekuwa anakalia benchi akiwabebea wenzake chupa za maji. Hapo ndipo ningekuwa nimemvunja."

Kinyanjui aliitia dawa mfukoni. "Unaongea kama mtu ambaye hajalala," alisema, akaenda zake.

Akello alikuja nyumbani Alhamisi, jua likiwa bado juu ya mabati ya jirani. Alivaa suruali ya mazoezi, na begi lake lilikuwa na umbo la mpira. Hakuketi.

"Nimeenda kwa Kocha Jeruto," alisema. "Nimemwambia nitaingia kama libero."

Angeline aliweka kikombe chini.

"Amesema libero anaye, anataka mtu wa kufunga pointi. Amesema angenichukua vile niko, nishambulie, tuone. Nikakataa. Akaniangalia, akaniambia nimalize shule, mwaka ujao huyo libero wake anastaafu, nirudi tuongee. Kwa hivyo siahirishi. Na kocha wetu amekubali kunibadilisha nafasi."

"Sawa," Angeline alisema.

"Sijamaliza. Wewe huwapa watu neno lao. Na mimi niko na lako."

Angeline alinyooka kitini kama alivyowaona wengine wakinyooka mbele yake.

"Neno lako lilikuwa la kweli," Akello alisema. "Nilitaka kukasirika nalo wiki nzima nikashindwa. Lakini lilichelewa. Ukikosa la kumwambia mtu, wewe husema huna la kusema. Mimi hata hilo hukunipa. Umekula, umekula. Wasichana walicheka, lakini wote walijua maana yake, na mimi nilijua. Kwamba mimi ni mbaya sana mpaka mamangu anaona haya. Ndio nikawa napiga kila mpira kwa nguvu yangu yote, pande moja tu, nikitaka uniambie kitu."

Angeline aliutazama uso ule na kuona kwamba macho aliyoyasifu ukumbini yalikuwa yakimsoma yeye pia siku zote, ila yalisoma vibaya kwa kuwa hayakupewa mwanga.

"Nilifikiri nakuhurumia," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa najihurumia mimi. Niliogopa kukupima, si kukuonea haya. Neno lako ni la kweli."

Akello alishusha pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetua debe la maji. Kisha alifungua begi na kuutoa mpira, akamtupia mama yake.

"Nahitaji mtu wa kunianzishia mipira mpaka ligi ifunguliwe. Wenzangu wananionea huruma, wanapiga polepole."

Walitoka uani. Kamba ya kuanikia nguo ikawa wavu, baada ya kuondoa mashuka ya Jacktone. Angeline alivua sweta, akasimama karibu na tangi la maji, mwanamke wa makamo mwenye maoni juu ya kila mkono wa mji huu na ambaye hakuwa ameugusa mpira tangu alipomaliza chuo. Wa kwanza ulipaa juu ya mabati ya jirani, wakaomba urudishwe. Wa pili uligonga tangi.

"Mama," Akello alisema, "bega lako liko nyuma. Na unafunga macho."

"Nimesikia."

Wa tatu ulivuka kamba ukiwa umejipinda vibaya, ukielekea ukutani. Akello alikuwa amekwisha kufika.