Gitaa Langu Baada ya Ubeti wa Korosho

Niliondoka Masasi kwa sababu ya mama. Alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe atasikika redioni akipiga gitaa, na mama akishatangaza jambo, wa kuhangaika ni mimi.

Njiani mvua ilitushika. Basi likanasa kwenye tope kabla hatujafika Rufiji, abiria tukashuka kulisukuma. Gitaa nililifunga mgongoni kwa khanga ya mama, nikasukuma kwa bega moja. Utingo akaniuliza kama nimebeba mgonjwa.

Temeke nilifikia kwa dada. Mumewe, Bakari, alikuwa kiongozi wa bendi ya kiwanda fulani.

"Wapiga gitaa ninao, shemeji," akasema. "Kupanga muziki unaweza?"

"Kupanga vipi?"

"Nani apige nini, aanze wapi, anyamaze wapi."

Nikamwambia naweza. Sikuwahi kupanga hata viti.

Kinondoni ndiko tulikofanyia mazoezi, kwenye ukumbi wa baa, mchana. Wimbo ulikuwa wa kuhimiza kilimo. Nikawapigia wenzangu mluzi, kila mtu sehemu yake: tarumbeta hapa, saksafoni pale. Mie nikajiwekea kipande kimoja tu, baada ya ubeti wa korosho, gitaa langu peke yake. Kilikuwa kizuri, sioni haya kusema.

Siku ya kurekodi, fundi mitambo alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mrefu," akasema. "Punguzeni."

Tukatoka nje kushauriana. Ubeti wa pamba haukatwi. Wa korosho haukatwi. Wa mahindi ndiyo kabisa, ukiulizwa na wakubwa utajibu nini?

"Mpangaji ni wewe, shemeji," Bakari akasema, macho yake kwenye viatu.

Nikaupitia wimbo wote kichwani. Kilichozidi kilikuwa gitaa langu. Wenzangu wakarekodi, mie nimekaa pembeni nimelipakata. Iliniuma sana, siwafichi. Wimbo ulitoka mzuri, na hilo nalo liliniuma.

Masasi nilirudi kiangazi. Safari ile ilinifunza kwamba mpangaji ni mtu wa kunyamazisha watu, na huanza na asiyeweza kumgombeza. Mama hilo sikujua nitamwelezaje. Alinipeleka kwa jirani mwenye redio, uani watu wamejaa. Wimbo ukapigwa, ukaisha.

"Gitaa lako liko wapi?"

"Nililitoa, mama. Wimbo ulizidi."

"Ulilitoa wapi?"

"Baada ya korosho."

Akajitanda khanga yake, tukarudi nyumbani.

Kesho yake wimbo ukapigwa tena. Ubeti wa korosho ulipoisha, mama akainua kidole, ua mzima ukatulia.

"Sikilizeni," akawaambia. "Hapa ndipo mwanangu hapigi."