Maua ya Kiduha

Nilikulia Mugoma, wilayani Ngara, kwenye migomba na maharage, na mtama niliujua kwenye uji kuliko shambani. Ndiyo maana nilipopelekwa kufundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ujamaa wilayani Biharamulo, niliona gugu moja kwa mara ya kwanza nikalipenda. Nalisema hili kwa aibu. Lilikuwa limejaa katika shamba la zamani la kijiji, ng'ambo ya mto, katikati ya mtama uliodumaa. Lilifika magotini, majani yake membamba, na juu lilibeba maua ya rangi ya waridi. Shamba lile watu walikuwa wamelitelekeza. Sikuuliza kwa nini.

Vita vilipokwisha, tukaletewa habari kwamba wanamgambo wa kijiji chetu wanarudi. Mwalimu mkuu akaniambia nitafute maua ya kuwapokea, kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha sayansi. Nikachukua darasa la sita, tukavuka mto, tukarudi na matita ya yale maua vichwani. Mchana kutwa tulikaa darasani tukisuka mashada. Kila tulipolitikisa shina moja, ulidondoka unga mweusi laini kama ugoro. Uliingia kwenye madaftari, kwenye kola, kwenye nywele zangu. Nilidhani ni chavua iliyokauka. Nikawaambia watoto wafagie, wakafagia, wakamwaga kwenye shamba la shule.

Kesho yake lori likafika. Vijana walishuka wamekonda, wengine hata hawakujua watabasamu vipi. Niliwavisha mashada mmoja mmoja. Nilipomvisha wa tatu, mama yake, mjane aliyelima chini ya shule, alipenya katikati ya watu. Nilitegemea atamkumbatia mwanawe. Badala yake alilishika lile shada, akalitazama, akalikata kwa mkono.

"Hiki ni kiduha," alisema. "Nani amekivusha mto?"

Mwalimu mkuu alimvuta pembeni, akawaomba radhi wageni. Yule mama alikwenda kulitia lile shada kwenye moto wa wapishi, na mwanawe akabaki ameinamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Mimi nilimchukia. Nilimwona hana shukrani wala adabu. Mashada mengine yalivaliwa hadi jioni. Mengine yalitundikwa kwenye nyua, mengine watoto waliyaburuza njia nzima hadi kwao.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Mtama wa shule ulifika magotini ukakwama. Majani yakawa ya manjano, yakajikunja kama yaliyokosa maji, na huku ardhi imelowa. Nikasema labda udongo umechoka.

Siku moja yule mama alikuja mlangoni mwa darasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniambia nimfuate. Shamba lake lilikuwa chini yetu, na maji ya mvua yote yalitoka kwetu kwenda kwake. Mtama wake ulikuwa kama wetu. Alichimbua shina moja kwa pembe ya jembe, akaniwekea bonge la udongo kiganjani, akaniambia nilifungue kwa vidole.

Ndani yake mizizi ya mtama ilikuwa imeng'atwa na vitu vyeupe, laini, vilivyovimba pale viliposhikilia, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Havikuwa na rangi ya jani. Jua vilikuwa havijaliona bado. Nilivuta kimoja, kilitoka na ngozi mbichi ya mzizi wa mtama, kikaniachia ute kidoleni. Nilitupa lile bonge, nikajifuta kwenye sketi, nikajifuta tena.

"Kinanyonya huku chini wiki nyingi," alisema. "Ukikiona kimechanua, kimeshashiba. Mwalimu, mwanangu ulimvisha mwizi."

Ndipo nikaelewa ule unga. Gugu lile huchanua juu huku vifuko vya mbegu vilivyo chini ya maua vimekwisha kukomaa, na kila punje ya ule ugoro ilikuwa mbegu. Mbegu hiyo hukaa ardhini miaka. Mvua peke yake haiiamshi. Husubiri mpaka inuse mzizi wa mtama au mahindi uliopita karibu, ndipo inaota na kuung'ang'ania. Mimi nililala nayo kwenye nywele. Jioni ile nilizifumua nikaziosha mara tatu, ingawa ulikuwa umepita karibu mwaka mzima.

Mwalimu mkuu alitaka tuseme ni udongo, tusijivunjie heshima. Nilikataa. Katika mkutano wa kijiji nilisimama nikaeleza kwamba ni mimi niliyekivusha kiduha. Wengine waliguna, mmoja akasema serikali imewaletea msomi wa kuwamaliza. Yule mwanamgambo, mwana wa mjane, alikaa mbele kabisa, na kesho yake alikuwa wa kwanza kuja kung'oa.

Tuling'oa kabla hakijachanua, tukachoma. Kazi ile ilinikirihi kuliko kuosha vidonda. Kila shina nililiona limejaa jasho la mtu mwingine. Kisha tukapanda karanga, kwa sababu mzizi wa karanga huziamsha zile mbegu, zikaota, zikakosa pa kunyonya, zikafa. Watu walilalamika kwamba karanga si ugali, na walikuwa na haki. Misimu mitatu tulinunua nafaka ya wenzetu.

Nilipohamishwa kurudi Ngara, mtama wa yule mama ulikuwa umeanza tena kutoa masuke, ingawa shamba la shule lilikuwa bado linatoa kiduha pembezoni. Tulikuwa tunasalimiana vizuri, hata aliniletea viazi. Lakini kila nilipokwenda kwake aliniwekea kopo la maji mpakani mwa shamba lake, nami nilivua viatu, nikaosha miguu hadi kwenye kucha, ndipo nikaingia.