Mkunga na Nyigu wa Kitasani

Jirani yangu wa Nyegezi, mkunga mstaafu, ana sheria moja: kiumbe kinacholea hakisumbuliwi. Buibui mwenye mayai humzungushia ufagio polepole, akinong'ona, "Pole, mama." Nyigu alipojenga kiota cha udongo kwenye tundu la kitasa cha mlango wake, siku mbili mama huyo alizokuwa safarini Bujora, mama alianza kuingia na kutoka kwa dirisha la jikoni: viatu kwanza, kisha mkoba, kisha yeye mwenyewe. Asubuhi ya safari ya Bukoba, kwenye ubatizo wa mjukuu wake, sanduku la zawadi lilikwama dirishani.

"Shikamoo mama, tuutoboe huo udongo!" nilimsihi.

"Marahaba. Nawe ulipokuwa tumboni, nani alikutoboa?"

Aliendelea kulivuta sanduku. Basi la Bukoba liliondoka bila yeye, na mjukuu akabatizwa bibi yake hayupo.