Cheni Niliyoikaza

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoiona boti yetu inaondoka ni kuipungia mkono. Nasema kweli. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za mawe kule Stromboli, kisiwa ambacho mlima wake unatema moto kama mtu mwenye kikohozi, na boti ilikuwa inateleza polepole kuelekea miamba, na mkono wangu ukapanda wenyewe ukapunga kama ninaaga basi.

Ndani ya boti kulikuwa na mtu mmoja tu, mzee, amelala. Na huyo mzee ndiye aliyekuwa kazi yangu.

Shule niliiacha Form Two, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana. Hapa Sydney nilianzia kwenye yadi moja karibu na bandari ya Port Botany, nikifunga mizigo juu ya malori: matrekta, mabomba, mashine za kuchimba. Kazi ni moja, kukaza cheni. Msimamizi wetu alikuwa anapita akipiga kila cheni teke. Ikilia kama gita, lori linaenda. Ikilegea hata kidogo, lori haliendi, na wewe unaangaliwa kama umeua mtu. Nikakaza miaka na miaka mpaka mgongo ukaandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu, ambaye ni nesi, akaniambia nisomee kutunza wazee.

"Huko utabeba watu," akasema. "Angalau watu wanasema asante."

Ndipo nikapewa Mzee. Mtaliano wa themanini na kitu, anakaa Parramatta, aliletwa Australia akiwa na miaka tisa. Kwa miaka miwili nilimwamsha, nikamwogesha, nikamvalisha suruali, nikamfunga mkanda wa kiti cha magurudumu, nikaukaza, kisha nikaukagua tena nikaukaza. Hakuwahi kuanguka mikononi mwangu hata siku moja. Jambo hilo nililitangaza mpaka kanisani.

Halafu daktari akamwambia kama ana safari ya ndege aifanye sasa, kwa sababu moyo wake hautavumilia nyingine. Mzee alikuwa na moja tu: kukanyaga ule ufuo alikozaliwa, kule Stromboli. Akasema hataki kuuona, picha anazo. Anataka kuukanyaga. Binti yake, mama wa miaka hamsini hivi ambaye kila wikendi yuko kwenye maji ya Sydney na matanga yake, akasema atakodi boti avipitie visiwa vyote vya huko Italia, kimoja kimoja, cha mwisho kiwe cha kwao. Mimi niende niwe mikono na miguu ya Mzee.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, wewe huwezi kuogelea hata kwenye karai."

"Nani ataogelea? Nitakaa ndani ya boti."

"Na boti ikikataa?"

"Boti ni lori la maji tu."

Maneno hayo aliyahifadhi. Ananisomea mpaka leo.

Hapo nyumbani Auburn nikaanza mazoezi. Mpango wangu ulikuwa kumbeba Mzee mgongoni kutoka kwenye boti mpaka mchangani, kwa hiyo kila jioni nilizunguka uani na gunia la unga la kilo ishirini na tano mgongoni. Jirani akachungulia juu ya ua akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Siku za kwanza zilienda vizuri. Tulilala kisiwa cha Lipari. Tukapita kisiwa kingine ambacho hewa yake yote inanuka mayai viza, ni pumzi ya volkano, na Mzee akaninyooshea kidole mbele ya watu, eti ni mimi. Mimi nilipewa kazi ya nanga. Binti yake, niliyemwita Kapteni, anakaa nyuma kwenye usukani. Mimi niko mbele na batani ya mashine inayoshusha na kuvuta cheni. Cheni ina alama ya rangi nyekundu kila mita kumi. Kapteni ananionyesha vidole vinne, nami nahesabu alama nne zinazama. Maji yenyewe ni mita nane.

"Zote hizi za nini?" niliwahi kumuuliza.

"We toa tu," akasema.

Nikatoa tu. Lakini kila nikiiangalia ile cheni imelala humo majini bila kazi, roho ilikuwa inaniwasha.

Stromboli tulifika saa nane mchana. Ufuo wake ni mchanga mweusi kama makaa, na nyuma yake mlima. Mzee aliutazama ufuo, akala chakula chake chote, akalala kivulini kwenye boti. Vidole vinne, alama nne, boti ikatulia. Kapteni akaenda nyuma kushusha kile kiboti cha mpira cha kuendea nchi kavu.

Upepo ulikuwa umekufa. Nikainama kuangalia cheni. Ilikuwa inaning'inia, imelegea kama mkanda wa mtu aliyekonda. Nikamsikia msimamizi wangu wa Port Botany anakuja na teke lake. Nikabonyeza batani. Nikavuta, nikavuta, mpaka ikasimama wima kabisa chini ya boti, imenyooka. Nikaipiga teke. Ikalia kama gita. Nilifurahi, nikapanga kumwambia Kapteni jioni ili anisifu.

Sheria ya kazi yetu inasema mzee haachwi peke yake. Lakini ule ufuo haukuwa na gati, na Kapteni alitaka tutafute mtu mwenye kigari cha kumpandisha baba yake mpaka ilipokuwa nyumba yao. Mzee akafungua jicho moja. "Nendeni," akasema. "Nikifa nitawaita."

Tulikuwa nusu ya zile ngazi mlima ulipolipuka. Mlio ule huusikii kwa masikio, unausikia kwa tumbo. Watu wote wakainua macho kuangalia moshi. Mimi peke yangu nikaangalia baharini, kwa sababu nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Ndipo nikaona upepo umerudi, na boti inatembea.

Kapteni alinishika mkono uliokuwa unapunga. "Ulitoa cheni ngapi?"

"Mita arobaini."

"Zote ziko chini?"

"Zilikuwa chini. Halafu nikaikaza."

Hakunipigia kelele. Heri angepiga. Aliniangalia tu, kisha akakimbia. Nikamfuata, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Tukiwa tunasukuma kiboti majini aliniambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba nanga inashika kwa sababu cheni ndefu imelala chini na kuivuta kwa ubavu. Ukiikaza wima, upepo ukija unaing'oa kama muhogo.

Miaka miwili sijamwangusha Mzee hata mara moja, na sasa nilikuwa nimemwangusha pamoja na kitanda, jiko na choo.

Injini ya kiboti ikakataa. Kapteni akavuta kamba yake mara tano, mara sita. Nikaanza kupiga makasia upande mmoja tu, tukazunguka. Miamba ilikuwa karibu na boti kiasi kwamba kaa wa juu yake wangeweza kupanda ndani. Nilijaribu kuomba, lakini kilichonitoka kinywani ni orodha ya dawa zake za asubuhi.

"Angalia," Kapteni akasema.

Mbele kabisa ya boti kulikuwa na mtu amesimama. Amevaa suruali ya kulalia ambayo nilimvalisha mimi. Kwa miaka miwili sikuwahi kumwona Mzee amesimama bila mikono yangu, nami sasa niko mbali, mikono imeshika makasia, na yeye yuko wima kwenye boti inayoyumba. Akainama kwenye mashine ya cheni. Nikafumba macho. Nikasikia cheni inanguruma kushuka, ndefu, haiishi. Nilipofumbua, boti ilikuwa bado inaenda, inaenda, halafu ikageuza pua kuelekea upepo na kusimama. Kati yake na miamba palikuwa kama kutoka mlango wangu wa Auburn hadi kwenye pipa la taka la jirani.

Tulimkuta ameketi sakafuni, anahema, magoti yamechubuka.

"Nani alikaza cheni?" akauliza.

"Mimi, Mzee."

"Nilijua. Miaka miwili unanifunga mkanda mara mbili. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ni ugonjwa."

"Umewezaje kufika huku mbele?"

"Kwa miguu," akasema. "Babangu alikuwa mvuvi. Angenikuta nimelala nanga inatambaa, angenitupa baharini."

Nilitaka kumpima moyo. Akaniondoa mkono.

Asubuhi upepo ulipotulia tulimpeleka ufuoni. Nikainama, nikamgeuzia mgongo kama nilivyofanya na gunia. Hakuna aliyepanda. Nikageuka, nikakuta ameshatoa mguu mmoja nje ya kiboti.

"Mikono yako," akaniambia. "Iweke mfukoni."

Akashuka. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili wimbi likampiga, akaanguka kwa magoti, maji yakamfika kiunoni. Mimi nilisharuka kumwendea, lakini Kapteni alikuwa amenikamata shati kwa nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka na shati hakuliachia. Mzee akabaki vile, magoti chini, muda mrefu kuliko ibada. Halafu akashika ukingo wa kiboti, akajivuta, akasimama. Akatembea hatua saba mpaka mchanga mkavu. Najua ni saba, nilizihesabu kama alama nyekundu.

"Unachoma," akasema, akiangalia miguu yake. Basi.

Sasa tuko Sydney. Nikifika kwake asubuhi ananitoa nje nikae barazani wakati anavaa suruali mwenyewe. Inachukua muda kama treni kutoka Auburn hadi mjini. Mimi nakaa nimeikalia mikono yangu. Jana kitu kikaanguka ndani, puu, nikaruka mpaka mlangoni, naiona ile boti inaondoka.

"Ni kiatu," akasema kutoka ndani. "Kaa."

Nikakaa.